Dengu Ziko Mbugani, Sheria Iko Delhi

Msyuuu! Kijiwe chetu cha hapa Kigongo kina ugonjwa mmoja: likitajwa neno kodi, kila mtu anageuka kamishna. Na muda tunao. Tangu Rais Samia afungue Daraja la J.P. Magufuli Juni 19, 2025, foleni ya kivuko imekufa, na biashara ya kuwauzia waliokwama kwenye foleni mahindi ya kuchoma, mayai na samaki wa kukaanga nayo imekwenda na maji. Siku hizi magari yanapita juu kwa juu, kilomita tatu hadi Busisi, wala hakuna anayepunguza mwendo kuuliza bei ya ndizi. Basi sisi tuko chini na vikombe vya kahawa, tunaipangia dunia ushuru.

Safari hii ilikuwa zamu ya India. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja mbio, simu mkononi: "Wazee, pikipiki zinashuka bei! India wamekata kodi kutoka asilimia 28 mpaka 18!"

Habari yenyewe ni ya kweli. Septemba 22, 2025 India ilipangua viwango vya kodi yake ya bidhaa na huduma, ile GST waliyoianzisha Julai 2017. Wakabakiza viwango viwili vikubwa, asilimia 5 na 18, na kingine cha 40 kwa vitu vya anasa na vile wanavyoviona ni dhambi. Pikipiki ndogo, zisizozidi cc 350, na bajaji za magurudumu matatu zikatolewa kwenye 28 zikawekwa kwenye 18. Kijana wetu alikuwa keshaanza kutafuta mteja wa pikipiki yake chakavu, eti anunue mpya "zikishuka".

Msyuu! Kaa chini, mdogo wangu. Ile ni kodi ya mlaji wa India. Pikipiki inayopakiwa melini kuja Dar es Salaam haikuwahi kuibeba hiyo 28, maana mzigo unaotoka nje ya nchi yao hutozwa sifuri. Sasa utapunguziwaje kitu ambacho hukuwa unakilipa? Bei ya pikipiki Mwanza inatengenezwa na ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, VAT yetu, nauli ya meli na lori, bei ya dola siku hiyo, na faida ya kila mkono uliogusa mzigo njiani. Delhi hawamo. Alininunia mpaka kahawa ikapoa.

Hapo ndipo mayu mmoja (ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama), mkulima wa huku huku Misungwi, alipouliza swali lililowafunga midomo makamishna wote. Alikuwa amekaa pembeni anasubiri usafiri, kiroba kidogo cha dengu miguuni, sampuli ya kumwonyesha mnunuzi. Akasema: "Hiyo India inayopunguza kodi ya pikipiki, wanangu, kwenye dengu imefanyaje?"

Kimya. Wanaume wazima wanaojua mshahara wa kila mchezaji wa Simba na Yanga, kwenye dengu hawana neno. Na dengu ndizo zinazosomesha watoto wao.

Kwa asiyejua: kwenye mbuga za udongo mweusi za Misungwi, Kwimba, Magu na kushuka mpaka Shinyanga, mvua zikielekea kuisha mtu hutia dengu ardhini, zikanywa unyevu uliobaki, akavuna kiangazi. Sisi wenyewe hatuzili sana, ni chakula cha shughuli na cha wenye muda wa kuchemsha. Sehemu kubwa huishia India, kwa lori mpaka bandarini Dar es Salaam, kisha meli mpaka bandari kama Mundra, kule Gujarat. India ndiyo inayolima dengu nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na bado haziitoshi. Hukaangwa, hupikwa mchuzi, husagwa unga wa bajia. Kwa hiyo serikali yao inaushika ushuru wa dengu kama mtu aliyeshika koki ya bomba. Mavuno ya wakulima wao yakiwa mazuri, inafunga ili bei isiwaangukie. Bei ikipanda mjini na uchaguzi uko karibu, inafungua.

Mwishoni mwa 2017 walianza kufunga. Desemba waliweka ushuru wa asilimia 30 kwenye dengu kutoka nje, Februari 2018 wakafika 40, Machi 60. Australia, muuzaji mkubwa, alipigwa pigo lile mpaka akapunguza kulima. Sisi je? Hapa ndipo kijiwe kilipotoa macho nilipowaeleza. Tanzania imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, na tangu 2008 India ina mpango wa kuzipunguzia au kuzifutia ushuru nchi za orodha hiyo. Dengu zetu zikaingia bila ushuru huku za Australia zikilipa 60. Yaani kila India ilivyopandisha ushuru, mkulima wa Misungwi alipata nafasi. Ushuru ule ulikuwa ukuta, na sisi tulikuwa na mlango.

Mei 2024 India wakaondoa ushuru wa dengu kwa kila mtu, maana bei kwao ilikuwa imewaka. Magazeti yangeandika kwamba soko limefunguliwa. Kwetu ilikuwa kinyume chake, kwa sababu Waustralia na meli zao kubwa wakaingia kwa sifuri kama sisi, na upendeleo wetu ukayeyuka bila mtu kututukana. Aprili 1, 2025 wakarudisha ushuru wa asilimia 10, na upendeleo wetu ukarudi kwa kiasi hicho hicho. Tena kuna mshindani ambaye mayu hajawahi kumwona hata kwa picha: njegere za njano za Canada na Urusi. Desemba 2023 India iliziruhusu kuingia bila ushuru, na wasagaji huzichanganya kwenye unga wa dengu kwa kuwa ni rahisi. Novemba 2025 wakazipiga asilimia 30.

Umesikia mnunuzi yeyote akiyaeleza haya kwenye mizani? Dalali anasema tu "soko limeyumba, mayu", anakung'uta kiroba, anatoa kasoro ya mawe na vumbi. Soko halikuyumba lenyewe. Liliyumbishwa kwa tangazo la ukurasa mmoja au miwili, lenye namba na tarehe, ambalo mwenye kampuni Dar es Salaam analisoma siku hiyo hiyo kwenye simu yake.

Na tarehe zenyewe, jamani, zitazameni. Mwaka wa serikali ya India unaisha Machi 31, wetu unaisha Juni 30. Mabadiliko yao mengi ya ushuru huanza Aprili 1 au huishia Machi 31, wakati mkulima huku anaamua atie dengu ekari ngapi. Mabadiliko yetu huanza Julai 1, wakati anaanza kuvuna. Anapanda chini ya sheria moja, anavuna chini ya nyingine, na hakuna aliyemsomea hata moja. Mbaazi ni hivyo hivyo: ruhusa ya kuziingiza India bila ushuru imekuwa ikisogezwa mwaka hadi mwaka, na ile iliyotangazwa mwanzoni mwa 2025 ilikuwa na ukomo wa Machi 31, 2026. Nani anapanda zao la miezi kwa ruhusa ya aina hiyo? Waulizeni waliolima mbaazi mwaka 2017. Agosti ile India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa nchi zote zisizo na mkataba nayo. Msumbiji walikuwa wameshatia saini makubaliano yao mwaka mmoja kabla, wakaendelea kuuza. Kwetu Waziri Mkuu wao, Modi, alikuja Dar es Salaam mwezi Julai 2016, tukapiga naye ngoma Ikulu, mbaazi hazikuwekewa mkataba. Bei kwa kilo ikashuka kutoka maelfu mpaka mia kadhaa, watu wakalishia mifugo. Choroko nazo, Februari 2022, wakazihamisha kutoka kwenye orodha ya ruksa kwenda ya kibali.

Mzee mmoja, bado anaufikiria ule mlango wa nchi duni, akanikatiza: "Kwa hiyo ni bora tubaki maskini?" Swali lake si la mzaha. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza uchumi wa kati wa chini, tukashangilia. Lakini orodha ya Umoja wa Mataifa ni nyingine, na humo bado tumo. Mwaka 2024 kamati yao ilipotupima, Tanzania, Uganda na Rwanda kwa mara ya kwanza zilifikia vigezo vya kutoka. Tathmini hufanyika kila baada ya miaka mitatu, na anayefaulu mara mbili mfululizo huanza safari ya kutolewa. Siku tukitolewa kutakuwa na hotuba na vigelegele, na kwenye mbuga za Kwimba itakuwa siku ya kuanza kupoteza mlango wetu. Wenye akili wanajadili mkataba mpya kabla mlango haujafungwa. Sijui wenye akili wetu wako wapi. Nasikia wako semina Dodoma.

Tukirudi nyumbani, huku nako sheria hazijakaa kimya. Mwishoni mwa Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati ule, Selemani Jafo, alitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Watu walishika zile za saluni, wakala wa fedha kwa simu na kutengeneza simu, Kenya nayo ikalalamika kwa sauti kubwa. Kwetu neno liko chini kwenye orodha: ununuzi wa mazao shambani. Mgeni akikamatwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au jela hadi miezi sita, na kibali chake cha kuishi kinafutwa. Mtanzania anayemkingia kifua ni milioni 5 au miezi mitatu.

Kijiwe kikachemka: "Wahindi waondoke!" Msyuuu! Acheni uvivu wa kufikiri. Mwanza kuna Wahindi ambao babu zao walikuwa hapa enzi za viwanda vya kuchambua pamba, na pasipoti yao ni kama yako. Amri inasema asiye raia, haisemi rangi ya ngozi. Wanaoitetemekea amri hii ni wengine, tena tunawajua kwa sura: vijana wetu wanaotembea vijijini na bunda la pesa za mtu, leseni kwa jina lao, mizani kwa jina lao, na faida kwa jina lisilotajwa. Sheria ya kuwanasa ipo tangu 2020, pale Sheria ya Makampuni ilipobadilishwa ili kila kampuni iwaeleze BRELA, wasajili wa makampuni, mmiliki manufaa ni nani, yaani mtu wa nyama na damu anayefaidi mwisho wa yote. Kwenye makaratasi imekaa vizuri sana. Kwenye gulio, kijana ananunua dengu, jioni anapiga simu, mwenye pesa anajibu kwa lugha asiyoielewa.

Serikali nayo imesema dawa ni stakabadhi ghalani: peleka dengu kwenye ghala la chama cha msingi, ziuzwe kwa mnada wa mtandaoni wa TMX, lile soko la bidhaa, huku COPRA, mamlaka ya nafaka na mazao mchanganyiko, wakisimamia. Nauunga mkono mfumo huu nusu. Mnada unaweka bei hadharani, na hilo dalali hakuwahi kulifanya. Lakini mayu ana ada ya shule wiki hii, na ghala linamlipa baada ya mnada, likishatoa makato. Anayemlipa taslimu leo pungufu atampata tu, hata mkimwekea polisi.

 

Linaloniudhi ni hili. Kodi ya ndani tunajua kuipigia kelele. Juni 2024 Kariakoo walifunga maduka, Mwanza wakafuata, na Oktoba Rais akazindua tume ya kuangalia kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Tangazo la Delhi hakuna duka la kulifungia. Linalowezekana ni kulisoma mapema. Tuna ubalozi New Delhi, tuna COPRA, tuna maofisa ugani wenye pikipiki. Kabla ya Aprili, karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe kwenye kila ghala la chama: ushuru wa India kwenye dengu, choroko na mbaazi ni kiasi gani, unaisha lini, mshindani wetu analipa ngapi. Mkulima akiona ukuta unabomolewa, apunguze ekari, atie mtama au viazi vitamu. Ni karatasi tu.

Mayu akauliza, hiyo karatasi ataitoa nani kopi. Mwenyekiti wa kijiwe akasema chama. Mmoja ambaye ni mwanachama akasema chama hakina wino tangu msimu uliopita. Kijana wa bodaboda, bado kanuna, akasema atapiga picha tangazo aturushie kwenye kundi la WhatsApp, ila tumchangie bando, na yeye hasomi Kiingereza cha mahakamani. Wakaanza kubishana bando ni la shilingi ngapi.