Barua ya Wazi kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, Bugolobi

Waheshimiwa Wakuu wa Tume,

Dunia inaumiza kichwa juu ya akili unde. Mashine inayomshauri mkulima dawa ya muhogo wake ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuiga sauti ya shangazi yako akiomba hela ya haraka kwa mobile money. Ulaya wameitungia sheria ndefu. Sisi tusijisumbue, dawa tunayo na imeshajaribiwa.

Mwaka 2018 umbea wa mitandaoni ulitozwa shilingi 200 kwa siku, na hata muuza matoke wa Nakasero akawa bingwa wa kuikwepa kodi hiyo kwa VPN. Tuitoze na akili unde, taifa lipate wataalamu zaidi. Wakizidi utundu, iko swichi: Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa, na hakuna aliyedanganywa mtandaoni. Wala aliyeuza kitu, lakini hayo ni madogo.

Jambo moja tu linanitatiza. Siku chache kabla ya kuzima, Facebook ilifuta akaunti bandia zilizokuwa zikiipigia debe serikali, ikasema zinahusiana na kituo kilicho chini ya Wizara ya TEHAMA. Iliyofungiwa ikawa Facebook. Kazi ile enzi hizo ilihitaji watu, viti na umeme; leo mashine moja itaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Je, itashtakiwa kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, ile iliyoongezewa meno 2022? Nauliza kwa sababu mwaka 2024 kijana wa TikTok alifungwa miaka 6 kwa kumtukana Rais, na yeye hakuwa na wizara nyuma yake.

Tena hapa hapa Kampala, Pulse Lab ya Umoja wa Mataifa ilitengeneza programu ya kusikiliza redio kwa Kiluganda na Kiacholi, ijue wananchi wanalia na maradhi gani, mafuriko yako wapi. Chombo kizuri sana. Kikihamia ofisi nyingine, kitaendelea kutafuta mafuriko, au kitamtafuta aliyepiga simu redioni kuyalalamikia?

Najua mtaleta leseni, kama mlivyowataka wachapishaji wa mtandaoni wajisajili kwenu. Fomu zikiwa tayari, naomba mnijulishe Wizara ya TEHAMA itapanga foleni dirisha gani. Nitasimama nyuma yake, na kitambulisho changu mkononi.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi ya bando, Wandegeya