Nyuma Yako Kuna Masikio ya Mtu

Uvuvi wa nzi una ubaya mmoja: unatazamwa. Anayevua kwa wavu hakuna anayesimama kumshangaa, na mwenye mnyoo kwenye ndoano husalimiwa na kupitwa. Lakini hebu simama kwenye boti pale Ziwa Naivasha na ufito wa karibu mita tatu, uanze kuupeleka mshipi mbele na nyuma hewani bila kuuacha utue. Boti za watalii zitapunguza mwendo. Vijana waliozama hadi kifuani na nyavu zao wataacha kazi. Mmoja wao aliwahi kuniuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "Mzee, ni nyuki?"

Mchezo wa hadhara unataka adabu, na adabu zangu zinaanzia nyuma, si mbele. Nzi wa bandia ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoano. Hana uzito wa kumpeleka popote. Kinachoruka ni mshipi wenyewe, mnene na mzito, na ili uende mbele ni lazima kwanza unyooke nyuma yako. Nyuma yako ndiko aliko nahodha.

Nahodha wetu ni mzee mtulivu, na alikuwa na kofia ya sufu. Nasema alikuwa nayo kwa sababu nilimleta rafiki yangu wa Nairobi, mtu wa benki, mwenye vifaa vya bei kubwa kuliko gari langu. Alirusha mara moja tu. Kofia ikapaa vizuri sana, vizuri kuliko nzi aliyeibeba, ikatua mbali, ikanywa maji, ikazama.

"Alinifumia mama watoto hiyo," mzee akasema.

"Pole sana, mzee wangu," yule bwana akajibu, akaanza kupapasa mifuko akitafuta pochi. Mzee akatazama pembeni. Kuna vitu havilipwi papo hapo mbele ya watu.

Tangu hapo anayetaka kurusha hutangaza kwanza, "Narusha!", na wengine wote huinama. Pia hakuna ndoano inayopanda boti kabla ya kubanwa kijino chake kwa koleo. Wapo wanaosema hiyo ni huruma kwa samaki. Huruma yangu iko karibu zaidi: ndoano isiyo na kijino hutoka sikioni mara moja, yenye kijino hutokea zahanati.

Samaki tunayemfuata ni bass, Mmarekani wa mdomo mpana aliyeletwa ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1920, enzi za ukoloni, ili kuwe na samaki wa mchezo. Hujibanza kivulini kando ya mafunjo akivizia vyura na samaki wadogo. Anawapenda pia kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao ni Louisiana na waliingizwa hapa mwaka 1970. Kwa hiyo mgeni anamla mgeni mwenzake, nami mwenyeji nimesimama juu yao na kipande cha sponji kilichopakwa rangi ya chura, nikiomba kushirikishwa.

Chura huyo wa sponji huvutwa kidogo ili afanye kelele juu ya maji, kisha huachwa. Kumwacha ndiko kugumu. Bass akishatazama hungoja mawimbi madogo yatulie, na hapo ndipo kila aliyemo botini hupata wazo. Vuta sasa. Usivute. Vuta upande. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwetu, mwenye ufito ndiye anayeamua, na wengine wanaruhusiwa kuguna tu.

Kiboko yuko nje ya utani huu. Wavuvi wa Naivasha wamezika wenzao kwa sababu yake. Ukiona mapovu yanakuja kwa mstari, huna muda wa kuuliza. Boti haikai kati ya kiboko na maji marefu, wala haikatizi njia yake ya kutoka majanini. Mzee akisema "Tutoke," tunatoka hata kama samaki yuko kwenye ndoano. Yule bwana wa benki alikuwa naye, tena wa kwanza maishani mwake. "Dakika moja, mzee, tafadhali!" Injini ilikuwa imeshawashwa. Mshipi ukakatika, na pale tulipokuwa likaibuka jitu likapumua kwa kishindo, likatikisa masikio. Hadi ufukweni rafiki yangu alikuwa akimlilia samaki. Kiboko hakumtaja hata mara moja.

Kuhusu nyavu sina maneno mengi. Sisi tunacheza mahali ambapo wenzetu wanatafuta karo. Nzi akinasa kwenye wavu wa mtu, unakata mshipi wako.

Sasa furukombe. Naivasha wamejaa kwenye migunga, na manahodha wana mazoea ya kupiga mluzi na kurusha samaki ili ndege ashuke, watalii wapige picha. Siku hiyo nilikuwa nimempata bass wa kujivunia, nikamweka kwenye beseni la maji nimtazame kidogo kabla ya kumrudisha. Ikasogea boti ya mpwa wa mzee, imejaa wageni wenye kamera, ila samaki wake wa kurusha walikuwa wamekwisha. Nikainama kutafuta simu. Nikasikia mluzi. Nilipoinua kichwa bass wangu alikuwa hewani kwa mara ya pili siku hiyo, safari hii katika makucha, na wageni walikuwa wakishangilia.

"Mzee!"

"Mwalimu, si ulisema unamwachilia?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi samaki akikamatwa haondolewi majini. Anang'olewa ndoano hapo hapo kando ya boti, kwa mikono iliyoloweshwa ili asipoteze ute wake.

Kuwaachilia samaki ni jambo la kuzungumza na wavuvi wenzako tu. Nililitaja kwa shangazi yangu kule Nakuru, akaweka kikombe chini.

"Ulimshika?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ukamrudisha?"

"Ndiyo."

"Basi alikuwa amekukosea nini hadi umtoboe mdomo?"

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu faida za kumrudisha samaki majini, na hakuna hata moja linalostahimili swali hilo. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwake mimi hupitia ufuo wa Kamere, nikanunua kapi, yule samaki mnene wa magamba makubwa aliyeingia ziwani miaka ya karibu na 2000 na akaja kujaza mizani. Shangazi hunisifu kuwa nimeanza kuelewa maana ya uvuvi.

Wewe ukipanga kwenda, kata leseni mapema, vaa jaketi okozi hata kama linaharibu picha, na ondokeni alfajiri, maana mchana upepo wa Naivasha huamka ghafla na mshipi huacha kukusikiliza. Nahodha akisema rudini, rudini.