Hiyo ni Madai: Barua ya Wazi kwa Kaunta ya Kituo cha Polisi

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZILIZOLIWA NA FUNDI WA PAA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Fedha za ukarabati wa paa huliwa kwa hatua, na hatua ya kwanza huwa na adabu kubwa. Fundi hupanda juu, hugonga bati kwa kidole, husikitika, hushuka na kuandika orodha ya vifaa nyuma ya bahasha. Kisha huomba advansi: hela ya vifaa yote, nusu ya ufundi, na nauli ya saidia fundi. Orodha husema bati za geji 28. Zinazopanda juu ya nyumba ni za geji 32. Katika bati, namba ikipanda unene hushuka, jambo ambalo wenye nyumba wengi hulijua wakiwa wameshalowa. Misumari hupigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, bila washa za mpira, na matobo ya misumari iliyokosewa huzibwa kwa vipande vya ndala. Tofauti ya bei hubaki mfukoni mwa fundi.

Mvua ya kwanza ya masika ndiyo hutoa taarifa ya ukaguzi. Dari ya jipsamu huingia madoa ya kahawia, hutuna, kisha humwagika juu ya kochi. Fundi akipigiwa simu yuko njiani. Akipigiwa tena yuko msibani. Baada ya hapo namba yake haipatikani kwa sasa. Ndipo raia hufika mbele ya kaunta yenye heshima akiwa na ile orodha, ujumbe wa miamala ya simu na picha za dari, na hupewa jibu hata bahasha haijafunguliwa: "Hiyo ni madai. Nenda mahakamani."

Jibu hilo ni fupi, halina gharama, na kwa kazi mbovu pekee ni sahihi. Fundi asiyejua kazi amevunja makubaliano, hajatenda jinai. Lakini aliyepokea bei ya geji 28 huku akijua atanunua geji 32, kisha akaficha risiti, hakukosea vipimo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inalo kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na swali moja la kaunta lingewatenganisha watu hawa wawili: risiti ya bati iko wapi? Swali hilo haliulizwi.

Kaunta hiyohiyo huamka ghafla mwenye nyumba anapozuia drili na ngazi ya fundi mpaka fedha zirudi. Fundi aliyekuwa hapatikani hupatikana siku hiyohiyo, tena kwenye shati lililopigwa pasi. Hufungua jalada la wizi, hupewa RB, askari hupatikana, na gari huwekewa mafuta na fundi, yaani na mwenye nyumba. Kumbe jinai ipo. Kumbe askari wapo. Aliyeibiwa mamilioni huambiwa aende mahakamani. Aliyeshika drili hulazwa ndani. Hilo ni tusi, na linarudiwa kila masika bila hata kubadilishwa maneno. Kaunta inaombwa kupokea sentensi hiyo kwa moyo mkunjufu, kama raia wanavyopokea maji.

Njia ya madai ipo, na haki inadai ielezwe. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, humpa aliyeumizwa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji. Muda wa kudai ni miaka 6. Mahakama ya Mwanzo husikiliza shauri kwa Kiswahili. Taabu huanza na hati ya wito, ambayo lazima imfikie mdaiwa, na mdaiwa anajulikana kwa kijiwe, jina la utani na namba isiyopatikana. Hukumu ikitoka inabidi ikaziwe. Dalali wa mahakama akifika hukuta chumba cha kupanga, sufuria, godoro na zana za ufundi, vitu ambavyo sheria inavikinga visikamatwe. Drili ile ile, basi, iko salama zaidi kuliko paa.

Kwingine njia hiyo ya madai imefupishwa: Kenya ilitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na Nairobi ikaanza kusikiliza mashauri hayo mwaka 2021: madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za Kenya, uamuzi ndani ya siku 60. Dar es Salaam, siku 60 ni muda wa kawaida wa fundi kuwa njiani.

Kwa hiyo inaombwa kaunta ichonge muhuri wa "Hiyo ni madai", ili askari wasichoke koo. Inaombwa pia "nipo njiani" ipimwe kwa kilomita.

Ombi kubwa ni kuanzishwa kwa Malazi ya Fundi. Kila fundi ambaye paa lake linavuja atalala katika nyumba husika kuanzia Machi hadi Mei, kwenye kitanda cha tatu kwa sita kilichowekwa chini ya tobo lenyewe. Mjumbe wa shina atathibitisha kwa futikamba kwamba tone linaangukia kati ya kitovu na kidevu. Kwa kuwa maji hufuata kenchi na kutokea kwingine, kitanda kitahamishwa kila usiku, na saidia fundi atakibeba bila kudai nauli. Chandarua kitaruhusiwa, kwani malaria haina kosa. Ndoo itakuwa moja, na ikijaa ataimwaga mwenyewe. Chakula kitakuwa kilekile cha familia, na watoto wataonywa wasimcheke. Simu yake itakaa hewani usiku kucha. Mwenye nyumba akipiga kutoka chumba cha pili, sharti apokee na aseme yuko wapi. Akiomba godoro kavu, ataahidiwa kesho asubuhi. Akilalamika kituoni kwamba anateswa, atasikilizwa kwa makini na kuambiwa kuwa hiyo ni madai. Akiziba tobo atafunguliwa mlango saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na atasindikizwa kwa mwavuli.

Endapo malazi hayo yatahitaji bajeti, lipo ombi dogo lisilohitaji senti wala sheria mpya: askari aulize risiti ya bati kabla hajatamka neno madai, na jibu liandikwe kwenye kitabu.

Inawasilishwa.