Mapasa Wasio Ndugu

Hapa mtaani kwetu Katuba ukitamka "Kyungu na Kabange", mama muuza makaa wa pembeni ya barabara hakuulizi kama ni ndugu. Anauliza kama mama yao alipata maziwa ya kutosha. Kwa Waluba wa Katanga majina hayo hayachaguliwi: anayetangulia kutoka tumboni ni Kyungu, anayemfuata ni Kabange, na mzazi wao tangu siku hiyo anaitwa Mama Mapasa, hata na wanaomdai.

Shule za Kongo zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mapasa wetu walikuwa na miaka 8. Mwezi wa kwanza waliumaliza kwenye mpira. Mwezi wa pili baba yao mdogo akapiga simu kutoka Brussels: amepata shule ya huko, masomo kwa intaneti, yeye atalipa, na mtoto wa pili wa nyumba moja hulipiwa nusu.

"Yaya, wewe jaza fomu tu."

Tu! Fomu ilikuwa na visanduku viwili, jina la ukoo na jina la kwanza. Mkongo ana majina matatu: jina lake, la pili liitwalo postnom, na la ubatizo. Rais Mobutu aliyapiga marufuku majina ya Kizungu mwaka 1972; yaliporudi yalikuta postnom imeshakaa kitini, nayo haijanyanyuka hadi leo. La ukoo silioni hapo. Mimi nimebeba jina la babu yangu, Kyungu ana lake, Kabange ana lake, na tunakula bukari ya sufuria moja. Nikaandika Kyungu kwa Kyungu, Kabange kwa Kabange.

Kisha wakataka msimbo wa posta. Sisi tuna avenue na namba ya nyumba, na anayetutafuta huuliza watu. Niliandika sifuri nne, fomu ikagoma. Nikaandika 1000, wa Brussels kwa mdogo wangu, ikapita bila swali. Najua, nilidanganya.

Baada ya siku tisa ofisi ya shule ikajibu kwa barua pepe. Cheti cha kuzaliwa kinasema Katanga, fomu inasema Haut-Katanga: mlihama lini? Nikawaandikia kwamba hatukuhama, lililohama ni jimbo. Mwaka 2015 Katanga ilikatwa vipande vinne, nasi tumelala palepale. Kuhusu ule msimbo wa Brussels niliomba radhi. Halafu sentensi ya mwisho ya barua yao: punguzo la ndugu haliwezekani, kwa kuwa watoto hawa wana majina tofauti ya ukoo; tena tarehe zao za kuzaliwa zimefanana, tafadhali rekebisheni kosa.

Nilimsomea Mama Mapasa akiwa jikoni. Mwiko ukasimama ndani ya bukari.

"Kosa? Mimba miye njo nilibeba!"

Nikaenda ofisi ya komini kuomba karatasi ya kuthibitisha kwamba Kyungu na Kabange ni mapasa. Karani, mzee wa miwani, alinitazama kama mtu aliyekuja kuomba cheti kwamba maji yanalowesha. "Baba, umeshayataja majina. Niongeze nini?" Nikamwambia aongeze muhuri. Akaandika huku akicheka, akamwita mwenzake wa meza ya pili naye aje acheke, akagonga muhuri mara mbili, mmoja kwa kila mtoto.

Muhuri ulifanya kazi ambayo tumbo halikuweza. Punguzo likatoka, pamoja na barua mbili za makaribisho, moja kwa wazazi wa Kyungu, nyingine kwa wazazi wa Kabange, zote kwenye simu yangu moja.

Simu hiyohiyo ndiyo ikawa darasa. Siku ya jaribio la kwanza la hesabu umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na chaji ilikuwa inakaribia kuisha, kwa hiyo Kyungu aliingia wa kwanza. Zamu ya pili nilisikia mwalimu akimsifu Kabange: leo ametulia, amejibu yote, na afadhali ndugu yake amwige. Nikachungulia. Shati lilikuwa la Kabange.

Mwenye shati akaingia uani na bidoni ya maji kichwani, kifua wazi, akauliza amepata ngapi.