Likizo ya Baba na Mama Peke Yao

Likizo ya wazazi bila watoto ni safari fupi ambayo baba na mama huifanya wakiwa wawili tu, huku watoto wadogo wakibaki nyumbani na mtu mzima wa kuaminika. Ugumu wote uko kwenye maneno hayo ya mwisho. Hoteli hupatikana, nauli hupatikana, hata ruhusa ya bosi hupatikana. Mtu mzima wa kuaminika, mwenye nafasi, asiye na harusi wala msiba wiki hiyo, na ambaye baba na mama wote wawili wanamwamini kwa kiwango kilekile, ni adimu.

Jambo lenyewe bado ni geni kidogo Tanzania, maana kwa muda mrefu mambo yalikwenda kinyume: watoto ndio walioenda likizo bila wazazi. Enzi zile mabasi ya mikoani yakiondokea Ubungo, shule zilipofungwa Juni au Desemba mtoto wa Dar es Salaam alipandishwa basi, akakabidhiwa kwa kondakta au kwa mama wa siti ya jirani ambaye hakuombwa ushauri, akashushwa Moshi au Iringa na kupokewa na babu yake. Alirudi amenenepa, anajua kukamua ng'ombe, na ana maneno mawili matatu ya kilugha ambayo baba yake alikataa kuyatafsiri mezani. Wazazi walibaki mjini na kazi zao. Watu wa pwani walikuwa na fungate, siku saba za maharusi kukaa ndani na kuhudumiwa kila kitu, lakini hiyo huja kabla ya watoto. Hakuna mila inayoirudia baada ya mtoto wa tatu, pale inapohitajika zaidi.

Sheria haizuii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, wala haimwulizi anakwenda kuzimalizia wapi. Kwa desturi huzimalizia kiwanjani. Likizo huanza Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo fundi hupiga simu kusema saruji imeisha. Zinazobaki huliwa na vikao vya harusi za watu wengine. Kwa hiyo wazazi wanaofanikiwa kupata siku nne za kwenda Unguja wamezipora kwa fundi, naye hatawasamehe upesi.

Mlezi kwa kawaida huwa bibi. Swali ni bibi yupi. Akiitwa bibi mzaa mama, habari humfikia bibi mzaa baba kabla ya jioni, na yeye huipokea kwa sauti ya upole ambayo mwanawe ataikumbuka mwaka mzima. Akiitwa bibi mzaa baba, mke hurudi na kukuta kabati la vyombo limepangwa upya, na sufuria moja haitaonekana tena. Kuwaita wote wawili kwa pamoja ni jambo ambalo hakuna aliyelijaribu na akalisifu. Babu hahesabiwi katika mpango huu. Akija, anakuwa mtoto wa ziada anayetaka chai saa kumi. Halafu yupo dada wa kazi, ambaye ndiye anayejua soksi za shule ziko wapi na ni mtoto yupi anayesema uongo kwamba ameshapiga mswaki. Bibi akiwasili, dada hujikuta na mabosi wawili, mmoja jikoni na mwingine kwenye simu, na amri zao hazifanani hata kidogo.

Zinafuata taratibu za makabidhiano. Mama huandika maelekezo kwenye karatasi, mbele na nyuma: kulala saa mbili, katuni nusu saa, soda hapana, juisi izimuliwe, dawa ya homa kijiko kimoja na siyo kwa kukadiria. Bibi, aliyelea watoto saba kwa mwanga wa kandili na wote wako hai, huipokea karatasi hiyo kwa mikono miwili. "Sawa, mwanangu," husema. Kisha huikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga ili isipotee. Karatasi haionekani tena.

Kuondoka kwenyewe kuna njia mbili, kuaga na kutoroka. Wataalamu wa malezi hushauri mtoto aagwe waziwazi. Wazazi wengi wamesikia ushauri huo, kisha wakatoroka. Shida ya kutoroka ni begi. Mtoto wa miaka minne, ambaye hajui kufunga kamba za viatu, hujua kabisa maana ya begi la magurudumu kuwa sebuleni, na akiliona huvaa kandambili na kulikalia. Hapo ndipo hutumika ule uongo wa siku zote: "Tunakwenda hospitali kuchomwa sindano." Mtoto hushuka kwenye begi mara moja na kuwapungia mkono kwa huruma.

Uongo huu una madhara ambayo hayajafikiriwa vya kutosha. Kabla ya saa sita mchana mtoto amewaeleza watoto wa jirani kwamba baba na mama wako hospitali. Watoto wa jirani wamewaeleza mama zao. Kufikia jioni jumuiya ndogondogo ya kanisani imefika getini na machungwa kilo mbili, ndizi na kitabu cha nyimbo, ikitaka kujua wagonjwa wamelazwa wodi gani. Bibi, ambaye hakuambiwa kuhusu sindano, huanza kwa kukana. Akiwaona wageni wanaangaliana, huwaza kwamba pengine yeye ndiye aliyefichwa jambo. Hupokea machungwa, hukaribisha sala, kisha hupiga simu Unguja akilia.

Simu hiyo huwakuta wazazi pabaya, bado hawajapona safari. Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam hutumia kama saa mbili, na mkondo ukichafuka abiria hugawiwa mifuko ya kutapikia bila ubaguzi wa tiketi. Nusu ya mama wanaoonekana wakifuta macho kwenye boti hizo hawaumwi na bahari. Wamefungua simu na kuangalia picha za watoto waliowaacha asubuhi ileile. Mume, asiyetaka kukosea, humpa mkewe mfuko.

Ufukweni nako kuna mambo ambayo picha za hoteli haziyasemi. Upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua maji yakipwa hurudi nyuma mpaka karibu na mwamba. Wazazi waliotoka bara, wakifika saa za kupwa, hukuta mchanga mtupu, mitumbwi imelala ubavu, na bahari ni mstari mweupe kwa mbali. Huko katikati wapo kina mama wa mwani, ambao kilimo chao kilianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, wameinama kwenye kamba na vigingi vyao. Wazazi huamua kulifuata maji kwa miguu, na wakiwafikia hawa wakulima husalimiana vizuri, kisha huulizwa swali ambalo wameshaulizwa na mtu wa boti, dereva wa teksi na kijana wa mapokezi hotelini: "Watoto mmewaacha na nani?" Hakuna jibu linaloridhisha. Wakisema na bibi, huulizwa bibi ana umri gani.

Wazazi wengi huwekeana sharti kwamba wakiwa mezani hawatazungumzia watoto. Sharti hili huheshimiwa mpaka juisi inapoletwa. Baada ya hapo inadhihirika kwamba mada nyingine zote ni fundi. Mikono nayo haina likizo: pale Forodhani mama huletewa mishkaki, akaikata vipande vidogovidogo, akavipuliza, kisha akamsogezea mumewe, na mume akala bila kushangaa. Alfajiri saa kumi na moja wote wawili wako macho kitandani, wakisubiri honi ya basi la shule ambalo liko ng'ambo ya bahari.

Matembezi hugeuka kuwa upelelezi. Kisiwani Changuu kuna kobe wakubwa, ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na umri wao umeandikwa kwa rangi kwenye magamba. Ni wanyama wanaostahili kutazamwa kwa utulivu na watu wazima. Badala yake baba huchuchumaa akimrekodi kobe anayetafuna jani tangu mwanzo wa jani hadi mwisho, akisimulia kwa sauti ya katuni. Video hutumwa. Jioni hupigwa simu ya picha ili kupokea shukrani. Mtoto huonyesha dari, huonyesha tundu la pua, husema "Bai!" na kukimbia, akiacha simu inatazama feni. Katika kukimbia huko huonekana, kwa nukta moja, plasta kwenye paji la uso. Mama huuliza plasta ni ya nini. "Hajambo kabisa," hujibu bibi, na jibu hilo halibadiliki hata likiulizwa kwa namna tano.

Lakini hakuna jambo linaloonyesha mipaka ya likizo hii kama umeme wa LUKU. Mita hununuliwa umeme kwa simu, na mnunuzi hupewa tarakimu 20 za kuingiza kwenye kifaa kilichoko nyumbani. Baba, katika kukumbuka mafuta ya kujikinga na jua, amesahau kuacha umeme wa kutosha. Usiku wa pili, saa tatu, wakati pweza wa nazi ndiyo anawekwa mezani, bibi hupiga simu: umeme umeisha. Baba hununua palepale na kujiona mtu wa karne hii. Kisha huanza kuzisoma namba.

Bibi ana kitochi, simu ndogo imara yenye taa kichwani, na ndiyo taa pekee aliyonayo. Simu ikiwa sikioni, mita haionekani. Simu ikimulika mita, baba hasikiki. Kwa hiyo kila tarakimu nne husomwa, hukaririwa, simu hushushwa, namba hubonyezwa gizani, simu hupandishwa tena. "Baba, baada ya tisa ulisema nini?" Wageni wa meza za jirani, waliokuja Unguja kutafuta utulivu, husikia mtu mzima mwenye shati la maua akipaza sauti: "Sifuri, mama! Sifuri! Siyo sita!" Mita hukataa. Huanza upya. Mjukuu wa miaka sita hujitolea kusaidia, lakini kwenye shule yake ya kulipia hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, na baba akitaja "nane" mtoto huuliza hiyo ni ngapi. Mita hukataa tena. Pweza ameshapoa. Jaribio la tatu linapokwama, mama humpokonya mumewe simu na kuuliza dada yuko wapi. Dada yuko hapohapo, amesimama mlangoni na simu yake ya kisasa yenye tochi na ujumbe, tangu mwanzo. Akiulizwa kwa nini hakusema, hujibu kwa adabu kwamba alidhani wanazungumza mambo ya familia. Namba hutumwa kwake kwa ujumbe, na nyumba huwaka kabla baba hajakaa.

Safari ya kurudi hutawaliwa na zawadi. Hununuliwa kofia za ukili, halua, viungo ambavyo havitapikiwa chochote, na doti ya khanga kwa bibi, iliyochaguliwa kwa mjadala mrefu kwa sababu khanga ina maandishi na mama mkwe anajua kusoma. Wazazi hutembea haraka kutoka bandarini wakitarajia kukumbatiwa. Wanapoingia, watoto wako mbele ya televisheni, na mkubwa husogeza kichwa ili aendelee kuona. Mdogo huuliza kama sindano iliuma.

Ndipo mama huona kichwa cha binti yake. Nywele zilizosukwa kwa mateso ya Jumamosi nzima hazipo. Bibi amezinyoa, kwa sababu ya joto. Kama bibi huyo ni mama mkwe, yaliyo moyoni hubaki moyoni, na kinachotoka ni "Ahsante sana, mama, amependeza." Yaliyobaki hujulikana polepole, kutoka vinywani mwa watoto wenyewe: kulala ni saa nne, chai ina sukari vijiko vinne, soda ni ya kila atakayemaliza wali, na plasta ilitokana na mashindano ya kuruka kutoka kwenye kochi, ambayo mwamuzi wake alikuwa bibi.

Kurudisha sheria za nyumba huchukua muda mrefu kuliko likizo yenyewe. Kila amri hukatiwa rufaa kwa maneno mawili, "Bibi anaruhusu," na mkata rufaa huomba apigiwe simu shahidi. Dada wa kazi huomba likizo yake, na safari hii hakuna mwenye uso wa kumnyima. Jumuiya nayo hupita Jumapili kuwapa pole wagonjwa, ikawakuta wamenawiri, wameungua jua mabegani, na haisemi kitu.

Bibi huondoka siku ya tatu, amepewa khanga yake na nauli iliyozidishwa. Watoto, ambao hawakutoa hata chozi moja kwa ajili ya wazazi wao, hulia mpaka bajaji inakata kona. Yeye mwenyewe, akiwa ameshapakia begi na anaagana, huuliza kama jambo la kupita tu boti ya kwenda Unguja siku hizi ni shilingi ngapi, na kama mtu mmoja akienda, hao wengine wanaweza kubaki na watoto wao.