Namna ya Kumnyamazisha Mlinzi wa Seva

Skripti yako imegoma. Kivinjari kinatoa 403 na bosi kasimama nyuma ya kiti chako. Anza na chmod 777, dawa ya babu. Sasa kila aliyemo ndani ya seva anaweza kulisoma faili lako, kuliandika na kuliendesha, isipokuwa Apache, uliyemkusudia. Iwashe upya Apache. Iwashe upya na mashine yenyewe. Bosi akiuliza, mwambie ni mtandao.

Ikishindikana, andika setenforce 0. Lahaula, ukurasa huo! Kumbe mbaya wako ni SELinux, mlinzi aliyebuniwa na majasusi wa Marekani wa NSA wakamgawa bure mwaka 2000. Ila setenforce 0 haimfukuzi. Inamfunga mikono tu, kalamu anabaki nayo. Ukitaka aitupe na kalamu, ingia /etc/selinux/config, weka disabled, washa upya, kalale. Mdukuzi akiivamia skripti usiku, naye hatasumbuliwa na mtu.

Wapo wachache wanaopenda kusoma anayoyaandika mlinzi. Hao huandika ausearch -m avc -ts recent, na mlinzi huwajibu: denied, getattr, httpd (ndiye Apache), kisha jina la faili, na mwishoni lebo yake, user_home_t. Hilo la mwisho ndilo kosa lote. Faili uliliandikia kwenye folda yako ya nyumbani, ukalihamishia /var/www/html kwa mv, na mv hulibeba na lebo yake ya zamani. Ungelinakili kwa cp lingepewa lebo ya huko lilikokwenda. Mimi mwenyewe hili nilikesha nalo usiku kucha, nikimlaumu Apache wa watu. Amri ni restorecon -Rv /var/www, na inaisha kabla hujameza mate.

Skripti ikikataa kuongea na hifadhidata iliyo seva nyingine, setsebool -P httpd_can_network_connect_db on. Kuna na audit2allow, inayogeuza kila katazo kuwa ruhusa. Itumie bila kusoma ilichoandika, kama unavyosaini mkataba wa mkopo wa simu.

Ukishaweka disabled, siku moja mkaguzi atakuja na kumtaka mlinzi arudi. Utaiondoa ile disabled, uandike touch /.autorelabel, uwashe upya, ukainjike chai. Mashine itapita faili moja moja ikibandika lebo. Kama diski ni kubwa, injika na maharage.