Nani Atazifua?

Timu ya mtaa wetu iliingia nyumbani kwangu kwa mlango wa nyuma, ikiwa ndani ya gunia. Shemeji alilitua kwenye baraza Jumapili moja jioni akasema, "Shem, ni za wiki hii tu." Mlikuwa na jezi za kijani, kaptura zake, na soksi ambazo afadhali nisizieleze. Mama aliyekuwa akizifua alikuwa amehamia kwa mwanawe Litein, na shemeji, kwa kuwa ana Probox, ndiye meneja wa timu, dereva wa timu, na katibu pia pale katibu anapokosa salio. Wiki hii tu ikawa msimu mzima.

Aliyewahi kuishi huku kwenye majani chai anajua kwamba kufua si shida. Maji yanashuka bure. Shida ni kuanika. Asubuhi jua linawaka utadhani uko Lodwar, kufika saa nane wingu limeshapanda kutoka upande wa ziwa, saa tisa mabati yanapigwa kiasi cha watu kuacha kuongea. Siku nyingine huja mvua ya mawe inayochana chai hadi mtu anakosa cha kuchuma. Kericho inasifika duniani kwa mvua hiyo ya mawe, na sifa haijawahi kukausha soksi. Basi jezi zikahamia jikoni kwa Kogo, mama mkwe wangu, ambaye jiko lake la kuni liko peke yake nyuma ya nyumba. Nikafunga kamba kutoka kwenye boriti ya mlango hadi kwenye rafu anayowekea sotet, vibuyu vyake vya maziwa ya mursik.

Kogo akaitazama ile kamba, akanitazama mimi. "Hii ligi yenu iko ngazi gani?"

"Ya kaunti ndogo, Kogo."

"Na juu yake ziko ngapi?"

Hapo nikamwita mume wangu, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo amekuwa akingoja kuulizwa tangu tuoane.

Alieleza akiwa amesimama. Juu kabisa kuna Ligi Kuu yenye timu 18. Chini yake Supa Ligi ya Taifa, halafu Daraja la Kwanza, la Pili, kisha ligi za kanda na za kaunti, ndipo sisi. Kogo alihesabu kwa vidole akasema ngazi ni nyingi kuliko za kwenda kwa Mungu. Lakini Baba Watoto alikuwa bado. Imani yake ni kwamba kila timu ina ngazi iliyozaliwa nayo, na ikitolewa hapo itarudi tu, hata ikichukua muda. Alisomea Kakamega, na huko ndiko alikoambukizwa Ingwe, yaani AFC Leopards. "Gor Mahia tangu 1968 haijawahi kushuka," alisema, na kwa mtu wa Ingwe kukiri hivyo si jambo dogo. "Na AFC Leopards tangu 1964. Hizo ni za Ligi Kuu kwa damu."

"Ingwe si ilishuka?" shemeji akauliza huku akimega ugali.

"Ilipotea njia."

"Ikarudi 2009. Na ubingwa wake wa mwisho ni wa 1998. Hiyo damu imepungukiwa na kitu."

Kifungua mimba wetu, ambaye mpira wake wote ni wa Uingereza, akadakia kwamba Leicester walitwaa ubingwa 2016 na kufika 2023 wakashuka, ilhali Everton wamekaa juu tangu 1954 bila mtu kujua wanatafuta nini huko. Aliambiwa ale.

Shemeji mwenyewe ana kidonda chake. Kidonda hicho kinaitwa Zoo. Mwaka 2017 Zoo Kericho walipanda Ligi Kuu, na Kericho Green Stadium, iliyozoea riadha na hotuba za siku kuu, ikaanza kupokea timu tulizokuwa tukizisikia redioni tu. Alinunua jezi, tena akainunulia Probox kibandiko. Ukweli ambao hapendi kuukumbuka ni kwamba mlango ulipanuliwa ndipo wakaingia: mwaka huo ligi iliongezwa kutoka timu 16 hadi 18, na kwa sababu ya upanuzi huohuo SuperSport wakavunja mkataba wa kuionyesha, wakaondoka na pesa zao. Yaani watu wetu walifika kwenye karamu wakati wapishi wanafunga virago. Nakumatt, walioingia nao, duka lao lilipoanguka wakawa Mount Kenya United, na 2019 wakateremka. Zoo walining'inia mpaka 2021, kisha Kamati ya Nidhamu ya FIFA ikawatoa ligini kwa kosa la kupanga matokeo na kuwateremsha ngazi. Siku hiyo shemeji alikikwangua kibandiko kwa kisu cha kupogolea chai. Kovu liko kwenye mlango wa Probox hadi leo.

"Wangetulia tu wangerudi," alisema usiku ule. "Zoo ni timu ya Ligi Kuu. Silibwet wa hapo Bomet walifika Supa Ligi, sembuse Zoo?"

Kogo alikuwa akikorogea chai sukari yake ya tatu. "Wakienda kucheza Mombasa, wanalala wapi?"

Hakuna aliyejibu, na mimi nilimwelewa kuliko wanaume wote waliokuwa mezani. Kutoka Kericho hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Kuna mafuta ya basi, kuna chakula cha vijana ishirini na kitu ambao kila mmoja anakula kama wawili, kuna malazi, na wakirudi kuna gunia. Hapo chini ya vilima vyetu kuna ushahidi unaoonekana kwa macho. Chemelil, timu ya kiwanda cha sukari, ilishuka 2020 kiwanda kikiwa hoi. Sony Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya 2006, bingwa kamili, na 2019 ikafukuzwa ligini kwa kukosa kufika uwanjani mechi tatu. Haikufungwa. Haikufika! Ukiniuliza mimi, habari za damu ni za wanaume. Timu hukaa ngazi ile ambayo kuna mtu anailipia nauli na mwingine anaifulia, na mmoja wao akichoka ndipo magazeti huandika kwamba kiwango kimeshuka.

Sikuyasema haya. Nilikuwa nangoja bonasi ya chai ya Oktoba, ambayo huku kwetu ni ndogo kuliko ile wanayopata wenzetu wa Mlima Kenya, nayo nilikuwa nimeitengea tangi la maji.

Vijana wakaanza kushinda. Walishinda hata mechi ambazo shemeji mwenyewe alikuwa amewaombea sare. Ikabaki mechi moja ya mchujo, dhidi ya timu ya upande wa Londiani, atakayeshinda apande ligi ya kaunti. Ijumaa nilifua kila kitu. Mvua ikaja saa saba, mapema kuliko desturi, nikavijaza vyote kwenye kamba ya jikoni kwa Kogo, hata vile vinavyochuruzika, nikachochea moto, nikaenda kupeleka chai kituo cha kununulia.

Nilirudi nikakuta Kogo amesimama mlangoni ameshika kiuno.

Kamba haikukatika. Ingekatika ingekuwa heri. Ilivuta rafu. Rafu ikaja na sotet tatu, na mursik iliyokuwa imekaa vizuri, iliyoiva, iliyochanganywa na mkaa wa senetwet kama inavyopaswa, ikamwagikia jezi za mbele kutoka namba 2 hadi namba 9. Kipa naye alinusurika kwa kuwa glavu na fulana yake vilikuwa kwenye msumari. Kijani kilikuwa na madoadoa ya kijivu, na jiko zima lilinuka arusi.

"Wakimbiaji wetu huipata wakishashinda," Kogo alisema. "Hawa wako wameioga kabla."

Tulifua kwa taa, mimi na Baba Watoto, sabuni ya kipande hadi ikawa kama ukucha. Weupe wa maziwa ulitoka. Mkaa ulibaki, na harufu pia. Asubuhi jezi zilivaliwa mbichi. Mabeki wa Londiani, nilivyosimuliwa na shemeji, walikuwa wakimkaba mshambuliaji wetu huku wamegeuza nyuso, na bao la kwanza lilipatikana hivyo. La pili lilikuwa la haki. Katikati ya kipindi cha pili ikashuka mvua ya mawe, refa akakimbilia darasani pamoja na timu zote, na ilipotulia wakamaliza mpira kwenye uwanja mweupe. Mbili kwa moja. Shemeji alipiga honi kutoka barabara ya lami hadi kwangu.

Jioni hiyo kamati ilikaa sebuleni mwangu. Mwenyekiti alishukuru Mungu, akashukuru wachezaji, akawashukuru akina mama kwa ujumla, kisha akasoma masharti ya ligi mpya: ada ya usajili, pesa za marefa, na seti mbili za jezi zenye rangi tofauti. Nilirudia lile neno mbili. Ndipo ikajulikana, kwa jinsi Baba Watoto alivyoanza kukagua dari, kwamba ada ilikuwa imekwisha kuahidiwa, na kwamba aliyeahidi alikuwa ameitazama bonasi yangu alipokuwa akiahidi.

Kogo hakualikwa kwenye kikao lakini alikuwa ameketi. Alimwambia katibu aandike. Moja, tangi linanunuliwa kwanza. Mbili, kila mchezaji afue soksi na kaptura yake. Tatu, rafu yake itengenezwe kwa misumari ya inchi nne na mwenyekiti mwenyewe. Mwenyekiti alijaribu kusema mambo hayo si ya katiba ya klabu. Kogo akamuuliza chai anayokunywa ni ya katiba gani. Yakaandikwa, yakapigiwa kura, yakapita.

Tangi lilifika Novemba, na kwa haki lazima niseme wachezaji ndio walioliteremsha. Jezi za seti ya pili zilikuja wiki hiyohiyo kwenye buti ya Probox, zikiwa bado na plastiki. Shemeji alizichagua mwenyewe Nakuru. Ni nyeupe. Alisema zilikuwa na punguzo.